Chuma Mgongoni, Mzigo Juu ya Nani?

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti mfupi uliowashangaza wataalamu wa mwendo wa binadamu. G.M.O. Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake, wakiwamo Norman Heglund na C. Richard Taylor, waliwapima wanawake wa Kiluo na wa Kikuyu wakitembea na mizigo. Waluo walibeba kichwani, Wakikuyu walibeba mgongoni kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso. Ilionekana kwamba mwanamke aliyezoea aliweza kubeba mzigo wa asilimia 20 ya uzito wake bila kuhitaji oksijeni zaidi ya aliyoitumia alipotembea mikono mitupu, na wapo waliobeba hadi asilimia 70 ya uzito wao. Anayetaka kuyaona hayo kwa macho aende ufuo wa Dunga asubuhi, au soko la Kibuye siku ya Jumapili.

Migongo ile ilikuwa mizima. Makala haya yanahusu mgongo uliovunjika au ulioliwa na maradhi, ukafunguliwa na daktari, ukatiwa skrubu na fito za chuma. Huku kando ya Ziwa Victoria swali la nani anabeba mzigo halikai maabara. Mvuvi wa Usenge huvuta nyavu kwa mgongo. Mama anayeuza omena hunyanyua gunia kwa mgongo. Kijana wa boda boda hupokea kila shimo la barabara kwa mgongo. Wakishatiwa vyuma, wao na jamaa zao huuliza jambo moja: je, sasa chuma ndicho kitakachobeba?

Jibu ni kwamba chuma hubeba kwa muda tu, na hubeba pamoja na mfupa. Kazi yake ni kuzishikilia pingili mahali pake mpaka mfupa uungane na kuuchukua mzigo wake tena. Nitadai hapa kwamba sehemu kubwa ya yanayoharibika baadaye, skrubu kukatika, skrubu kulegea, kibyongo kurudi, hutokana na kuanza na swali la chuma gani kipo, kabla ya kuuliza mfupa gani upo na mzigo gani unamsubiri mgonjwa nyumbani.

Mgongo mzima

Pingili ya kiuno ina sehemu mbili. Mbele kuna mwili wake, kipande kinene cha mviringo kilichokaa kati ya diski mbili. Nyuma kuna upinde wa mfupa wenye viungo vidogo vinavyoizuia pingili isiteleze wala kujisokota kupita kiasi. Mtu akisimama wima, takriban asilimia 80 ya uzito unaoshuka hupita mbele, na asilimia 20 hupita nyuma. Uwiano huo hubadilika anapoinama, anapoketi na anapojinyoosha, lakini njia kuu ya mzigo hubaki mbele. Hilo ni la kukumbuka, kwa sababu vyuma vingi huwekwa nyuma.

Katika miaka ya 1960 Msweden Alf Nachemson alianza kupima shinikizo ndani ya diski za watu walio hai. Mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na wenzake wa Ulm, Ujerumani, walirudia kazi hiyo kwa vifaa bora zaidi. Mtu aliyelala chali alikuwa na shinikizo la megapaskali 0.1 ndani ya diski ya kiuno. Aliposimama lilifika 0.5. Alipoinama na kunyanyua kilo 20 kwa mgongo uliopinda lilipanda hadi 2.3, na alipokunja magoti na kuunyoosha mgongo lilikuwa 1.7. Kilo 20 ni mtungi mmoja wa maji uliojaa, ule wa njano ambao kila boma la Nyando na Seme linao.

Ongezeko la zaidi ya mara nne halitoki kwenye maji. Linatoka kwenye misuli. Mzigo ulio mbele ya mwili una umbali mrefu kutoka kwenye uti, na misuli ya mgongo inayouzuia usimwangushe mtu iko sentimita chache tu nyuma ya pingili. Misuli hulazimika kuvuta kwa nguvu iliyo mara nyingi ya uzito wenyewe, na mvuto huo wote huzibana pingili. Kinachouumiza mgongo kuliko kilo zenyewe ni umbali wa kilo hizo kutoka kwenye mwili.

Chuma kinapoingia

Vyuma vya mgongo vya kisasa vilianza na watoto. Paul Harrington wa Houston, Marekani, alivibuni katika miaka ya 1950 kwa ajili ya watoto waliopindishwa uti na polio: kulabu juu, kulabu chini, na fito moja katikati. Mwaka 1963 Raymond Roy-Camille wa Paris alipitisha skrubu katika vikonyo viwili vya mfupa vinavyounga mwili wa pingili na upinde wa nyuma. Njia hiyo ndiyo inayotawala leo: skrubu mbili kila pingili, na fito mbili zinazozishikanisha.

Vitu viwili vikibanwa pamoja, kigumu zaidi ndicho kinachobeba zaidi. Watu wawili wakimbeba mbuta mkubwa aliyening'inizwa kwenye kasia, anayelegeza bega hupumzika na asiyelegeza ndiye anayeelemewa. Ugumu hupimwa kwa gigapaskali. Chuma cha pua kina 190 hadi 200. Aloi ya titani inayotumika hospitalini ina karibu 110. Ganda gumu la nje la mfupa lina kati ya 12 na 20, na mfupa wa ndani ya pingili, ule wenye vitundu, hauifikii hata gigapaskali 1. Kuna plastiki ya kitabibu iitwayo PEEK yenye karibu 3.6, na ndiyo maana watengenezaji huisifu kwamba inakaribiana na mfupa.

Ukizitazama namba hizo peke yake utadhani mfupa hauna kazi tena. Mambo hayaendi hivyo, kwa sababu fito ziko nyuma na mzigo unapita mbele. Mwili wa pingili ukiwa mzima, mbele huendelea kubanwa, na fito hufanya kazi zaidi ya kuuzuia mgongo usikunjike. Mbele pakiwa patupu au pamepondeka, mzigo hukosa njia, na mkunjo wote huangukia skrubu, hasa pale zinapotoka kwenye mfupa na kushika fito. Hapo ndipo zinapokatika.

Haya hayakukisiwa tu. Katika hospitali ya Charité huko Berlin, Antonius Rohlmann na Georg Bergmann waliweka vipimo ndani ya vyuma vyenyewe, wakavipandikiza kwa wagonjwa wachache waliokubali, na vyuma vikatuma namba nje ya mwili bila waya. Chuma chenyewe kilieleza kinachobeba mtu akitembea, akipanda ngazi au akinyanyua kitu. Kutembea kulivichosha vyuma kuliko kusimama. Kubeba kitu mbele ya kifua kulileta nguvu kubwa kuliko kukibeba kando ya mwili au mgongoni.

Daktari ana namna mbili za kuubadilisha ugawanaji huo: aina ya chuma na unene wake. Fito ya chuma cha pua hukinza mkunjo karibu mara mbili ya fito ya titani yenye unene uleule. Unene nao una nguvu ya ajabu, kwa maana ukinzani hupanda kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne. Kutoka fito ya milimita 5.5 hadi ya 6.35, tofauti ambayo jicho haliioni vizuri, ugumu huongezeka kwa karibu asilimia 78. Kwa hiyo anayesema “tumeweka fito nene kidogo” amebadilisha sana nani abebe nini.

Pingili iliyopasuka

Majeraha ya mgongo yanayoingia hospitali za ukanda huu yana sura zinazojulikana: ajali za boda boda, kuanguka kutoka kwenye mwembe, kuanguka kutoka kwenye trela za miwa zinazoelekea Muhoroni na Chemelil, migodi ya dhahabu ya Migori inayoporomoka. Pingili inayopasuka mara nyingi ni ya 12 ya kifua au ya kwanza ya kiuno, mahali ambapo kifua kilichoshikiliwa na mbavu kinakutana na kiuno kinachojipinda kwa uhuru.

Mwaka 1994 Thomas McCormack, Eldin Karaikovic na Robert Gaines walichapisha nchini Marekani mfumo ambao ninauona kuwa wa manufaa kuliko mingi iliyoufuata. Walianza na wagonjwa ambao skrubu zao zilikatika, wakarudi nyuma kuzitazama picha za kabla ya upasuaji. Wakauliza mambo matatu. Mwili wa pingili umesagika kiasi gani? Vipande vimetawanyika mbali kiasi gani? Daktari ameunyoosha mgongo kwa nyuzi ngapi, maana kadiri anavyounyoosha ndivyo anavyoacha pengo mbele? Kila swali lilipewa alama 1 hadi 3, jumla kati ya 3 na 9. Aliyefikisha 7 na zaidi alikuwa na mbele dhaifu mno kuweza kugawana mzigo na fito fupi za nyuma, na alihitaji kujengewa nguzo ya mbele.

Uzuri wa mfumo huo ni kwamba unahitaji picha ya CT na dakika chache tu. Ugumu wake ni kwamba jibu la pili, kufungua kifua au ubavu ili kuijenga nguzo ya mbele, linahitaji kitanda cha wagonjwa mahututi, damu ya kutosha na timu ya usingizi iliyozoea kazi hiyo. Madaktari wengi, hata wa nchi tajiri, sasa huchagua njia ya tatu: kurefusha vyuma vya nyuma hadi pingili mbili juu na mbili chini, au kutia skrubu katika pingili ileile iliyovunjika ili mzigo ugawanywe kwa skrubu nyingi zaidi. Ni uamuzi wa busara mahali ambapo upasuaji wa mbele una hatari kubwa. Gharama yake ni skrubu zaidi na kiuno kinachojipinda kidogo zaidi.

Kuna mbio kati ya mfupa kuungana na chuma kuchoka. Mfupa huhitaji miezi 6 hadi 12 kuungana vizuri. Chuma hupimwa kiwandani kwa kipimo cha Marekani kiitwacho ASTM F1717: skrubu hufungwa kwenye vipande viwili vya plastiki vilivyoachwa na pengo katikati, bila mfupa wowote wa kusaidia, kisha hukunjwa na kunyooshwa hadi mara milioni 5. Mtu anayetembea hatua 10,000 kwa siku hufikisha hatua milioni 3.65 kwa mwaka. Basi skrubu iliyokatika baada ya mwaka na nusu haimaanishi lazima kwamba ilikuwa feki. Mara nyingi maana yake ni kwamba mfupa haukuungana, na chuma kiliachwa peke yake hadi kikachoka. Jamaa wanaokimbilia kulalamikia duka la vyuma wangeuliza kwanza: je, vipande vya mfupa vya kuunganisha viliwekwa, na vya kutosha?

Mfupa unaokingwa

Upande wa pili wa hoja ni wa zamani zaidi. Mwaka 1892 Julius Wolff wa Berlin aliandika kwamba mfupa hujijenga kufuatana na mzigo unaoupata. Harold Frost wa Marekani baadaye alieleza namna mfupa unavyopima mkazo na kuamua kuongeza au kupunguza. Mfupa usiobeba hupungua. Kwa hiyo chuma kigumu mno kinaweza kuukinga mfupa dhidi ya mzigo hadi ukakonda.

Mwaka 1989 Paul McAfee na wenzake walilijaribu hilo kwa mbwa. Waliotiwa vyuma vigumu waliungana mifupa vizuri zaidi, na papo hapo mifupa iliyokuwa chini ya vyuma hivyo ilipungua madini. Mambo yote mawili yalikuwa kweli kwa pamoja. Kutoka hapo ndipo palipozaliwa fito za PEEK na mifumo mingine inayonepa, ikiahidi kumwachia mfupa sehemu yake ya mzigo.

Kwa mgonjwa wa Kisumu au Homa Bay, naona hofu hiyo imepewa nafasi kubwa kuliko inavyostahili. Mfupa ulioungana na kukonda kidogo bado unambeba mwenyewe. Mfupa ambao haukuungana humrudisha chumba cha upasuaji akiwa na deni jipya. Fito zinazonepa ni ghali, na faida yake kwa mgonjwa wa kawaida haijaonekana wazi kiasi cha kuhalalisha bei. Kinachostahili hofu zaidi huku kwetu ni mahali skrubu inapokutana na mfupa.

Yafaa kupatazama mahali hapo kwa karibu. Kwenye eksirei ya miezi mitatu, skrubu iliyoshika huonekana nyeupe na mfupa umeikumbatia hadi ukingoni. Iliyolegea ina mstari mwembamba mweusi pande zote, milimita moja au mbili. Mstari huo ni pengo. Kila hatua ya mgonjwa skrubu hutikisika ndani yake, mfupa unasagika kidogo, pengo linapanuka. Hapo hakuna kilichokatika, na mgonjwa anaweza kuambiwa kwamba vyuma vyote viko sawa. Viko sawa kweli. Kilichoshindwa ni mfupa.

Mifupa ya kando ya ziwa

Ndiyo sababu ni lazima kuuliza mifupa ya watu wa ukanda huu ikoje. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 4.9 ya Wakenya wazima wakiishi na virusi vya UKIMWI. Homa Bay ilikuwa na asilimia 19.6, Kisumu 17.5, Siaya 15.3. Dawa zimeokoa maisha ya watu hawa, na hakuna anayepaswa kuziacha. Lakini inajulikana kwamba mtu anapoanza dawa hizo mifupa yake hupungua madini kwa asilimia 2 hadi 6 katika miaka miwili ya mwanzo, na kwamba tenofovir, iliyomo ndani ya kidonge cha TLD kinachotumiwa na wengi, huchangia zaidi. Kijana wa miaka 35 anaweza kuingia chumba cha upasuaji akiwa na mfupa ambao daktari wa Ulaya angeutarajia kwa mtu wa miaka 60.

Pia ukanda wa ziwa ni miongoni mwa sehemu za Kenya zenye seli mundu kwa wingi. Ugonjwa huo huzuia damu kufika katikati ya pingili, na sehemu hiyo hudidimia juu na chini. Skrubu, au kizimba cha chuma kinachojaza pengo la mbele, kikiwekwa hapo kimekaa juu ya mfupa uliokwisha kufa kwa sehemu.

Mashine za kupima uzito wa mifupa ni adimu. Lakini mgonjwa wa pingili iliyopasuka karibu daima hupigwa CT, na picha hiyohiyo ina kipimo kiitwacho Hounsfield. Mwaka 2013 Perry Pickhardt na wenzake walionyesha kwamba pingili ya kwanza ya kiuno yenye zaidi ya 160 kwa kawaida ni nzima, na yenye 110 au chini yake inatiliwa shaka kubwa. Kwa sababu pingili hiyo ndiyo inayopasuka sana, kipimo huchukuliwa kwenye jirani yake iliyo nzima. Ni kubofya mara moja kwenye kompyuta iliyokwisha kulipiwa. Namba hiyo ingemwambia daktari aongeze skrubu, achague nene zaidi, au atie saruji ya mfupa kuzishikiza. Kutoisoma ni hasara isiyo na sababu.

Kisha kuna TB ya mgongo, na hapa ndipo fizikia ya mzigo inapoonekana bila pazia. Percivall Pott wa London aliieleza mwaka 1779. Vijidudu hula mbele ya pingili mbili zinazopakana, diski kati yake inaporomoka, mgongo unapinda mbele, na kibyongo kinatokea. Ile nguzo iliyokuwa ikipitisha asilimia 80 ya mzigo imekwisha.

Wengi wa wagonjwa hawa hawahitaji chuma. Majaribio ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza nchini Korea, yaliyoanza miaka ya 1960, yalionyesha kwamba dawa zikitumika vizuri, kulazwa miezi mingi na kufungwa plasta hakukuongeza faida. Kenya hutoa dawa za TB ya mifupa bila malipo kwa miezi 12: miwili ya dawa nne, kumi ya dawa mbili. Upasuaji ni wa anayepoteza nguvu za miguu, ambaye kibyongo chake kinaongezeka, au mwenye usaha mwingi unaobana neva.

Anapopasuliwa, kosa kubwa ni kutia skrubu nyuma na kuliacha shimo mbele. Arthur Hodgson na Francis Stock walilielewa hilo Hong Kong katika miaka ya 1950. Walisafisha mbele na kuweka kipande cha mfupa wa mgonjwa mwenyewe, wa ubavu au nyonga, kisimame kama mhimili. Leo hutumika pia kizimba cha titani kilichojazwa vipande vya mfupa. Wengi huogopa kuweka chuma penye maambukizi. Kwa TB hofu hiyo imepungua sana tangu Masanori Oga na wenzake wa Japani waonyeshe, mwaka 1993, kwamba vijidudu vya TB havijijengei utando juu ya chuma kwa wepesi wa vijidudu vingine.

Kizimba nacho kina kasoro yake. Kikiwa kidogo, au kikikaa katikati ambako mfupa ni laini, huzama ndani ya pingili. Ukingo wa pingili ndio wenye nguvu, basi kizimba kipana kinachoegemea ukingo hudumu kuliko kidogo cha bei nafuu. Na pingili zilizo juu na chini ya zilizofungwa hurithi mwendo ambao jirani zao hawaufanyi tena. Kwa shingo, Alan Hilibrand na wenzake walikadiria mwaka 1999 kwamba karibu asilimia 3 ya wagonjwa kila mwaka hupata dalili kwenye pingili jirani, ingawa wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani cha hayo ni uzee tu.

Sinia na daftari

Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki vyuma vya mgongo havikai stoo. Vinaletwa kwenye sinia na muuzaji siku ya upasuaji, baada ya familia kuchanga au bima kukubali. Tangu Oktoba 2024 bima hiyo nchini Kenya ni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF. Kilichopo kwenye sinia ndicho kinachoingia mgongoni: kama kuna skrubu za milimita 5.5 tu, hizo ndizo. Hatari nyingine ni kuchanganya skrubu za chuma cha pua na fito za titani kwa sababu ndizo zilizopatikana; metali mbili tofauti zikikutana ndani ya mwili huweza kulana kwa kutu. Huko Dar es Salaam, madaktari wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili wakishirikiana na Weill Cornell ya New York wameonyesha kwamba gharama ya vyuma ni miongoni mwa mambo yanayoamua nani anapasuliwa na lini.

Mfano wa namna bora upo tayari kwenye mfupa wa paja. Lewis Zirkle alianzisha SIGN mwaka 1999 huko Richland, jimbo la Washington. Msumari wake hukaa ndani ya uwazi wa mfupa, kwenye njia yenyewe ya mzigo, kwa hiyo mfupa na chuma hubeba pamoja tangu mwanzo, na hufungwa bila mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji. Tenwek huko Bomet na Muhimbili zimeutumia kwa miaka mingi. Lakini lenye thamani kuliko msumari ni daftari lake: hospitali huingiza picha za kila mgonjwa kwenye kumbukumbu ya pamoja, na kwa kufanya hivyo hupata misumari mingine. Matokeo yanaonekana, na kifaa kinaboreshwa kwa kuyatazama. Mgongo unahitaji daftari la namna hiyo. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado wanaiita Russia, iko jirani na skuli ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Maseno. Hakuna mahali panapofaa zaidi kuanzia.

Baada ya kwenda nyumbani

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni mfupi: usibebe kitu kizito. Kwa mjane wa Rusinga anayechota maji mwenyewe, maneno hayo hayatekelezeki, na asichoweza kutekeleza atakiacha chote. Fizikia inaruhusu ushauri bora zaidi. Miezi ya mwanzo, kabla mfupa haujaungana, asinyanyue mtungi kabisa, na ndugu waambiwe hivyo mbele yake. Baadaye kiuno chake kikishaungana, mtungi uliokwisha kukaa kichwani, kwenye mstari wa mwili, huongeza mzigo wa kiuno kidogo kuliko mtungi uleule unaponyanyuliwa kutoka chini akiwa ameinama. Hatari kubwa iko katika kuuinua na kuutua. Basi abebe nusu mtungi, atwikwe na mwenzake, na atuliwe na mwenzake. Mwenye vyuma shingoni ushauri huu haumhusu: kichwani asibebe kabisa. Dereva wa boda boda naye aambiwe kwamba mtikisiko wa siku nzima ni mzigo kama mwingine, na kwamba kurudi barabarani mwezi wa pili ni kukishindanisha chuma chake na mfupa ambao haujawa tayari.

Nawaomba wakurugenzi wa hospitali za kaunti za ziwa waagize mambo matatu yasiyohitaji bajeti mpya: namba ya Hounsfield iandikwe kwenye kila faili la mgongo, alama za McCormack ziandikwe kwa kila pingili iliyopasuka, na eksirei ya miezi 3 na ya miezi 12 ipangwe kabla mgonjwa hajaruhusiwa. Nawe uliyetiwa vyuma, au unayemuuguza aliyetiwa, usitoke wodini bila karatasi inayotaja ni metali gani, skrubu ngapi na pingili zipi. Weka picha zako zote pamoja, na kila unaporudi kliniki muulize daktari kama mfupa umeungana, hata akikuambia kwamba chuma kiko sawa.